Nyundo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza kwenye karakana ya uhunzi ya mama mkwe. Mikono — basi tu! Hata kalamu naishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa mende kwenye sukari.

Chanzo ni tumbo la mke wangu. Tangu usichana wake yeye ndiye aliyekuwa akimpigia mama yake nyundo kubwa. Mama anashika chuma kwa koleo, mkono wa pili kinyundo chake, binti anashusha ile nzito. Sasa ni mjamzito wa miezi saba, na Mama kamnyang'anya nyundo. Mimi bendi yetu ya harusi imesambaratika, mpiga ngoma hana pa kupigia, nashinda nyumbani nahesabu mbao za dari. "Mkwe, njoo unisaidie," kasema Mama. Utaitwa na mama mkwe halafu useme una udhuru? Nikaenda.

Utaratibu wao ni huu: hakuna maneno. Mama anagonga kwa nyundo ndogo pale anapotaka, mimi napiga papo hapo. Yeye tik, mimi puu. Akilaza nyundo yake ubavu juu ya fuawe, lile pande la chuma tunalofulia juu yake, maana yake acha, chuma kinarudi motoni. Nikajisemea, kwa mpiga ngoma hii si kazi, ni kulala usingizi.

Tik-puu, tik-puu... moyo ukachangamka. Mkono ukaniponyoka, nikaongeza pigo moja la mbwembwe katikati. Lo! Mama alikwisha kusogeza chuma. Nyundo ikatua kwenye koleo, koleo likaruka, chuma chekundu kikaingia chini ya benchi, Mama akabaki ameshika hewa.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu. "Bwana Ngoma," akasema taratibu, "hapa hakuna bibi harusi."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akalishika tumbo kwa mikono miwili.

Jumanne, 7 Mei

Leo sikuleta mbwembwe. Malengelenge ndiyo yamekuja.

Mama anasema naukaba mpini kama mtu anayeogopa kuporwa. "Legeza. Inua, halafu iache ishuke. Nyundo ina uzito wake, wewe unaisaidia nini?" Nikajaribu — kweli! Pigo lile lile, nusu ya jasho. Aibu ni kwamba mwalimu wangu wa ngoma aliniambia hivyo hivyo nikiwa mdogo, nikasahau.

Alhamisi, 9 Mei

Siku mbaya na nzuri. Niandike kwa mpangilio maana kichwa kinanizunguka.

Asubuhi alikuja Chakavu. Ndilo jina lake mtaa mzima, mnunuzi wa vyuma chakavu; lile alilopewa na mamake labda hata yeye halikumbuki. Akaizunguka fuawe, akaipapasa mgongo kama anayenunua ng'ombe, akauliza, "Mama, hii bado tu huiuzi?" Mama akajibu bila hata kugeuka: "Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Njoo na mkokoteni."

Nyundo nusura iniangukie mguuni! Mke wangu alikuwa anachambua makaa. Akasimama. "Mama, unasemaje?"

Ndipo akatueleza. Ni macho. Si kwamba haoni — watu anawaona, njia anaiona, aliyeacha mlango wazi anamwona kutoka mbali. Lakini rangi ya moto imempotea. Nyekundu, chungwa, njano, kwake sasa vyote ni mng'ao mmoja. Mwezi uliopita kaunguza visu akidhani bado havijaiva; chuma kikatoa cheche, kikaliwa ncha. Daktari kasema hilo halirudi. "Mhunzi asiyejua rangi ya moto," kasema Mama, "ni dereva asiyejua breki iko wapi. Nisubiri nini?"

Mke wangu: nikishajifungua nitafua mimi. Mama: na mtoto utamlaza wapi, kwenye makaa? Karakana ikifungwa mwaka mzima, ukiifungua unakuta ukoo wa panya.

Mara nikasikia mtu anasema, "Na mimi je?" Kumbe ni mimi.

Chakavu akaangua kicheko, mtu yule hana haya. Mama hakucheka. Alinitazama, akatazama fuawe. Akasema: fua kisu kimoja peke yako, cha jikoni, cha kawaida kabisa. Nikikipiga mhuri wangu, Chakavu atarudi na mkokoteni mtupu. Nisipokipiga, abebe.

Mhuri wake naujua. Ni kipande kifupi cha chuma chenye alama ya jani, hugongwa ubavuni mwa kisu kingali chekundu, kabla ya kuchovywa kwenye mafuta. Hajawahi kuupiga kwa kumwonea mtu huruma. Kisu cha kwanza cha mke wangu kilirudishwa motoni tena na tena mpaka chuma chenyewe kikaisha.

Mke wangu alijifuta macho, akasingizia vumbi la makaa. Amekulia hapa, fuawe hiyo ndiyo aliyojifunzia kusimama. Na mimi na domo langu hili nimejitwika!

Jumamosi, 11 Mei

Kipande cha springi ya lori. Nimekipasha, nikaanza na ncha, nikaitwanga kwa nguvu zangu zote ili irefuke. Ikarefuka kweli. Ila ngozi ya chuma ilitangulia na kiini kikabaki nyuma, mwisho wake ukaachama — juu mdomo, chini mdomo, katikati tupu.

Mama akaupitisha kidole (kilipopoa). "Samaki," akasema. "Mpe chakula."

Kosa langu: ncha hairefushwi kwanza. Unaanza na pembe za chuma, unazigonga mpaka upate ncha fupi, nene, mbaya ya kutazama. Halafu ndiyo unairefusha polepole. Nikamuuliza kwa adabu, Mama, ungeniambia kabla? Akasema, "Ungesahau."

Jumatatu, 13 Mei

Leo ncha imekaa. Ncha nzuri! Nikaibusu kwa macho.

Halafu nikaharibu mengine. Nyundo ya Mama ina nyuso mbili: upande mmoja ubapa, upande wa pili ulimi mwembamba kama kidole kilicholazwa. Ubapa unatawanya chuma kila upande. Ulimi unakisukuma upande mmoja tu — ukiulaza kukata upana wa kisu, kisu kinarefuka. Ukiulaza kufuata urefu wake, kinapanuka. Nilielewa vizuri sana. Kisha nikaulaza kinyume.

Nilipokipeleka nyumbani mke wangu akakigeuza, akakipima kwa mkono, akasema, "Asante mume wangu, mwiko wangu ulikuwa umevunjika." Akauweka kweli kwenye kikapu cha miiko! Nimeuacha humo. Kupikia unafaa.

Jumatano, 15 Mei

Leo makali. Yaani ule upande unaokata, unafuliwa uwe mwembamba kabla tupa ya kunolea haijaugusa. Unainua mgongo wa kisu kidogo, nyundo unaiinamisha, unagonga ukingo wote kutoka shingoni mpaka nchani, unageuza, unarudia upande wa pili. Sawa kwa sawa, la sivyo kisu kinapinda kama mtu aliyelalia mkono.

Sikulalia mkono. Nilikuwa makini jamani! Nyembamba, safi, pande zote sawa. Lakini kila nikigonga, ncha inapanda. Nikagonga zaidi ili ishuke — ikapanda zaidi. Mwisho nimeshika koleoni kitu kimeinua pua juu, mgongo umepinda ndani. Mama ameketi kwenye kigoda chake, anakoroga chai.

Nyumbani sikutaka kukitoa mfukoni. Mke wangu akakivuta mwenyewe. "Ee Mungu wangu. Nimeomba kisu, nimeletewa mundu!"

Sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, nikamwambia nimeshindwa, mwambie mama yako amwite Chakavu hata kesho. Nilisema kweli kabisa, si kwa kutafuta kubembelezwa.

Hakunibembeleza. Alikuwa anakanda unga. Akakata donge, akalinyoosha liwe kama kisu, akaniita mezani. "Tazama." Kwa mgongo wa kijiko cha mbao akaligonga ukingo mmoja tu. Upande uliogongwa ukatanuka, ukakosa pa kwenda, ukaukunja upande wa pili. Mundu wa unga! Akalikunja donge la pili kwanza, ncha ikatazama chini upande wa makali, likawa baya kabisa. Kisha akaligonga ukingo. Likajinyoosha lenyewe, taratibu, mpaka likanyooka.

"Unakiharibu kwanza," akasema. "Samaki mkunje angali mbichi."

Nimesikia methali hiyo maisha yangu yote, nikidhani inahusu watoto wa jirani. Unga ulikuwa puani mwake. Nampenda mwanamke huyu, niandike hapa maana nikimwambia atanidhihaki.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekunja kwanza. Makali yameshuka, kisu kimejinyoosha mbele ya macho yangu. NIMENYOOSHA! Nikaimba. Nyundo ikapata mwendo, mkono mwepesi, mapigo yamepangana kama siku za bendi, nikasema hapa hapa sishuki —

Nikafurahi mno. Chuma kilipoa na mimi bado naburudika. Tak! Ufa. Kutoka kwenye makali kuingia ndani, mwembamba kama unywele. Kisu kilichonyooka, na hakifai hata kukata kitunguu.

Mama alikuwa amenipa mgongo, anakunywa chai. Bila kugeuka akasema, "Umekipiga muda mrefu baada ya kulia."

Nilimuuliza nani alilia. "Chuma. Cha moto hunyamaza. Kikipoa hulia. Wewe uliye mwanamuziki ndiye unayeniuliza mimi?"



Jumapili, 19 Mei

Karakana imefungwa. Nimeivuta ngoma yangu kutoka mvunguni, nikaifuta vumbi.

Tulipokuwa tunapiga nje penye baridi, ngozi ililegea, sauti ikashuka. Tukaisogeza motoni, ikakaza, ikalia. Hakuna aliyenifundisha kupima kwa jicho; nilijua kwa sikio lini iondolewe. Chuma ni kinyume chake tu. Masikio ninayo! Siku zote hizi nimepiga kwa mkono nikayaacha masikio nyumbani.

Mke wangu kasema niache kugonga masufuria, mtoto anaruka tumboni.

Jumanne, 21 Mei

Leo — leo!

Nimewasha moto asubuhi, kipande kipya. Mama kigodani, mgongo kwangu, kama kawaida. Nimepiga huku nimetega sikio. Mwanzoni pigo ni zito, halina mlio, kama unagonga gunia la mchanga. Mapigo kadhaa, kisha chini kabisa kinaanza kusikika kijimlio, chembamba. Kabla hakijakua nikaacha. Wakati ule ule Mama akasema, "Acha."

Nilikuwa nimekwisha kuacha.

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu hakusema neno. Akainua kikombe tu, akanywa. Sijawahi kufurahishwa na mtu anayekunywa chai namna hii.

Baadaye akageuza kigoda, akatazama moto — au upande ulipo moto. "Rangi gani sasa?" akauliza. Nikasema papai, Mama. "Papai la nje au la ndani?" Nikachungulia. La nje, bado. Tukasubiri. Sasa la ndani. "Toa." Nikatoa, nikapiga, nikasikia, nikarudisha. Akauliza tena, nikamwambia tena. Nilikuwa nadhani ananipima. Mara nikaona uso wake — alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua. Nikamwelezea mpaka makaa ya pembeni, yale yenye bluu.

"Enhe," akasema. "Bluu ile. Nilikuwa naipenda sana."

Alhamisi, 23 Mei

Kisu kimesimama! Ncha ipo, makali yapo, mgongo umenyooka, mkia wa kuingia kwenye mpini nimeubana vizuri kwenye ukingo wa fuawe. Leo ilikuwa kazi ya kusawazisha: moto mdogo, wekundu wa kufifia, mapigo mepesi mepesi yanayofuta alama za yale makubwa. Nyundo iwe bapa kweli. Ikiinama kidogo tu, ukingo wake unaandika mwezi kwenye chuma.

Na maji! Unanyunyiza kidogo juu ya fuawe, unalaza chuma chekundu, unapiga — PAA! Maganda yote meusi yanaruka, chuma kinabaki safi. Sikujua kuwa Chakavu ameingia. Alikuja kupima fuawe kwa utepe, aone kama mkokoteni utatosha. Nilipopiga akaruka nyuma, kofia kwenye ndoo, utepe umemzunguka shingo. Mama kauliza kwa upole wote, "Umepata kipimo, mwanangu?"

Nilipokuwa kwenye pigo la mwisho mwisho, mke wangu akaita kutoka kwenye feni ya mkono ya kupulizia makaa. Njoo uguse, anapiga teke! Niligeuka nyundo ikiwa hewani. Nikaenda, nikagusa. Ni kweli, mtoto anapiga, na anapiga kwa mpangilio. Lakini lile pigo lilitua vibaya. Kuna kishimo karibu na shingo ya kisu, kidogo, lazima ukitafute ndiyo ukione.

Ningeweza kukirudisha. Lakini pale chuma ni chembamba tayari. Nikikigonga zaidi naogopa kukimaliza. Nimekiacha kipoe kwenye majivu. Mama hajakigusa. "Jumamosi," kasema.

Ijumaa, 24 Mei

Tupa, tupa, tupa. Kishimo kipo. Nimekula nusu sahani. Mke wangu ananiambia nilale, na yeye mwenyewe hajalala.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika hapa hapa kwenye benchi la karakana, makaa yanashika moto. Vidole vyeusi, karatasi itanisamehe.

Chakavu kafika kabla hata hatujafungua. Mkokoteni, kamba, mbao za kutelezeshea, na wanaume wawili wenye mabega. Mama kawasalimia vizuri, kawauliza habari za nyumbani, akaketi kigodani. "Lete."

Nikampa. Hakukisogeza machoni. Alikishika kwa mkia, akakigonga kidogo kwenye fuawe, akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Gumba likapita mgongoni kutoka shingoni mpaka nchani, likarudi. Makali, upande huu, upande ule. Wale mabega wawili walikuwa wananong'ona, wakasogea kuona. Akageuza, vidole vikapita ubavuni polepole — vikasimama. Pale pale.

"Hapa ulikuwa unafikiria nini?"

Ningeweza kusingizia nyundo. Nikasema, "Niligeuka, Mama. Mwenzangu aliniita niguse tumbo, mtoto alikuwa anapiga teke. Pigo likaenda peke yake."

"Ukaona kishimo."

"Nikakiona."

"Mbona hukukifuta?"

"Chuma pale ni chembamba. Niliogopa nikifuta kishimo nitapoteza kisu."

Akakaa na kidole chake mle kishimoni. Mke wangu kanishika shati kwa nyuma, sijui kama anajua.

"Mm," akasema Mama. Basi. Kisha: "Washeni moto."

Sikuthubutu kuuliza wa nini. Moto unaweza kuwa wa kukirudisha kisu kiwe springi tena. Cha mke wangu alikirudisha mpaka kikaisha. Nimepanga makaa, mke wangu kakaa kwenye feni anaizungusha, tunatazamana. Chakavu kauliza kama wanaweza kuanza kupakia huku moto ukishika. Mama kamwambia aketi kwanza. Akaingia stoo.

Anapekua. Tangu nianze kuandika anapekua. Vyuma vinadondoka, masanduku yanaburutwa, kitu kimevunjika, kasema si kitu. Sasa anafoka: "Nani kahamisha mhuri wangu? Niliuweka hapa kwa mkono wangu mwenyewe! Nyumba hii!"

Mke wangu kaacha feni. Kaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na tumbo lake lile, anaelekea stoo mbio mbio. Mama anamwambia asikimbie. Hata yule bega mmoja kainama, anachungulia chini ya benchi.

Chakavu anauliza kamba aifunge au aikunje. Hakuna mwenye nafasi ya kumjibu. Naweka kalamu, nami nikatafute —